Eti ukiwa juu ya farasi, twiga hakuoni

Mwezi wa sita mwaka jana nilipanda farasi kwa mara ya kwanza maishani, nina miaka 27 na digrii mbili, na nikatokwa na machozi. Si ya maumivu; maumivu yalikuja kesho yake, mapajani. Tulikuwa watu wanne na mwongozaji wetu, kwenye eneo moja la wanyamapori upande wa magharibi wa Kilimanjaro, asubuhi, mlima umejifunua wote. Twiga saba walikuwa wanakula migunga, na sisi tukapita katikati yao kama watu wanaopita sokoni. Mmoja alikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia majani yakikatika mdomoni mwake. Nimekulia Tanga mjini, nimesomea ikolojia ya wanyama, nimeshinda siku nyingi ndani ya Land Cruiser nikihesabu swala, na sikuwahi kumsikia twiga akitafuna.

Mwongozaji aliona nilivyoduwaa. Akasogeza farasi wake karibu na wangu, akaninong'oneza: "Dada, hapa juu wewe si mtu tena. Twiga anaona farasi tu. Wewe ni nundu ya mgongoni."

Niliipenda sana sentensi hiyo, na niliiamini kwa kama robo saa hivi. Kisha simu ya mwenzetu mmoja ikaita, naye akaipokea. Hakupiga kelele. Alisema tu "haloo, niko mbali kidogo, nitakupigia" kwa sauti ya kawaida ya mtu aliyeko ofisini. Pundamilia waliokuwa mbele yetu wakainua vichwa wote kwa pamoja, wakatimka. Farasi hakuwa amebadilika, umbo ni lilelile, harufu ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba farasi alikuwa ameongea Kiswahili.

Sasa basi. Sentensi ya mwongozaji wetu si yake peke yake. Utaikuta kwenye matangazo ya safari za farasi za Laikipia, za Mara, za Chyulu, hadi za kusini mwa Afrika, kwa maneno tofauti kidogo: wanyama wanakuchukulia kama mmoja wao, unakuwa sehemu ya kundi, hakuna injini, hakuna usumbufu. Ndiyo bidhaa yenyewe inayouzwa; tandiko ni nyongeza. Na kwa kuwa inajifanya ni dai la sayansi ya tabia za wanyama, nadhani tuna haki ya kuikagua kama tunavyokagua dai lingine lolote.

Tuanze na haki yake. Mnyama anayewindwa hakimbii kila kitu. Kila kitu kinachomsogelea ana umbali wake wa kukivumilia, na kikivuka mstari huo ndipo anaondoka. Mtu anayetembea kwa miguu, wima, miguu miwili, kwa kawaida anakimbiwa mapema kuliko gari. Mtu juu ya farasi anaangukia mahali pengine kabisa. Huko Oregon, Marekani, kwenye msitu wa utafiti wa Starkey, watafiti waliwavisha kola za kufuatilia kulungu wakubwa waitwao elk, kisha wakapitisha watu wa aina nne: wenye pikipiki za magurudumu manne, wenye baiskeli, waendao kwa miguu na wapanda farasi. Pikipiki ndizo zilizowasumbua zaidi, zikafuata baiskeli. Wapanda farasi walikuwa upande wa mwisho pamoja na waendao kwa miguu. Lakini ona: elk walisogea mbali na wote wanne. Hakuna aliyehesabiwa kuwa ni elk mwenzao.

Hao ni wa Oregon, utasema. Haya, turudi nyumbani. Ng'ambo ya Kilimanjaro, Amboseli, mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio ambalo mpaka leo nikilisimulia watu wanadhani natunga. Waliwapelekea tembo nguo zilizovaliwa na Wamaasai na nguo zilizovaliwa na Wakamba. Tembo waliponusa za Wamaasai, ambao vijana wao huwachoma mikuki mara nyingine, walikimbia mbali zaidi. Wakaonyeshwa nguo nyekundu na nyeupe ambazo hazijavaliwa: nyekundu iliwaudhi zaidi. Mwaka 2014 ikaja kazi nyingine hapohapo Amboseli, ya sauti. Tembo walisikilizishwa watu wakisema "tazama kule, kundi la tembo linakuja" kwa Kimaasai na kwa Kikamba. Walitofautisha kabila, na ndani ya Wamaasai wakatofautisha mwanamume na mwanamke, hata mtu mzima na mtoto. Mnyama anayejua kwamba huyu ni Mmaasai, na ni mwanamume, na ni mtu mzima, ndiye tunaambiwa kwamba hajui kuna mtu juu ya farasi?

Na ile simu? Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa eneo la Kruger, Afrika Kusini, ambako spika ziliwekwa kwenye visima vya maji. Wanyama walipigiwa sauti za watu wakizungumza tu kwa utulivu, sauti za simba, mbwa wakibweka, bunduki. Twiga, pundamilia, ngiri, swala, hata chui na fisi: walikuwa na uwezekano mara mbili zaidi wa kukimbia au kuyaacha maji wakisikia watu wakiongea kuliko wakimsikia simba. Watu wakiongea! Wale pundamilia wetu walifanya walichopaswa kufanya.

Kwa hiyo twiga waliotuacha tupite hawakudanganyika. Ninavyoona mimi, walikuwa wamejifunza. Farasi wale hupita njia ileile asubuhi nyingi, miaka kadhaa sasa, na hakuna aliyewahi kushuka na kumdhuru twiga. Kuzoea huko kuna kazi ya watu ndani yake, na hapa ndipo ugomvi wangu na matangazo unapoanzia. Nilimwangalia mwongozaji yule kwa saa tatu. Hakuwahi kumwendea mnyama moja kwa moja. Alikata kwa mshazari kama mtu mwenye safari zake. Alishika vumbi kidogo na kuliachia aone upepo unaelekea wapi. Alipoona sikio la twiga mmoja limegeuka alisimamisha farasi wote bila kusema neno. Huo ni ustadi wa miaka, na tangazo linauficha ili sifa apewe farasi. Yeye mwenyewe aliuficha, maana ndivyo alivyofundishwa kuuza.

Si suala la heshima tu. Mtu anayeamini kwamba haonekani atasogea. Atataka picha moja zaidi ya nyati. Na nusu ya pili ya sentensi, ile ya "anaona farasi tu", ni ya kutisha ukiitafakari, kwa sababu simba naye anaona farasi. Kwa simba farasi ni pundamilia aliyefutwa mistari na kubebeshwa mzigo. Ndiyo maana waongozaji wengi wa safari hizi hutembea na mjeledi mrefu wa kupasulia hewani, na wengine na bunduki.

Ningeishia hapo, lakini niliporudi Tanga nikaonyesha picha, swali lilikuwa moja kila nilipokwenda: kwa nini si Saadani? Hebu fikiria, hifadhi ya taifa pekee Tanzania Bara inayogusa bahari, twiga nyuma yako, mawimbi mbele yako, wewe juu ya farasi. Rafiki yangu mmoja aliyesomea utalii hakuishia kufikiria. Ana andiko la mradi lenye kurasa 19: farasi sita, banda, waongozaji wawili, akiba yake ya miaka minne na mkopo juu yake. Alinitumia nilisome. Ni andiko zuri, hesabu zimekaa, na ile sentensi ya nundu ya mgongoni ipo ukurasa wa pili, imekolezwa wino. Nimelisoma mara mbili nikitafuta neno moja. Halimo. Neno lenyewe ni mbung'o.

Sehemu ya kaskazini ya Saadani ya leo ilikuwa ranchi. Ranchi ya Mkwaja, mali ya kampuni ya Amboni, haohao wa mkonge, ilianzishwa miaka ya 1950 na kufugwa maelfu ya ng'ombe aina ya Borani. Mjomba wangu alichunga pale ujanani. Anasema ng'ombe wale walichomwa sindano kwa zamu, kwa daftari, kama watoto wa kliniki. Hakutia chumvi: Mkwaja iliingia kwenye machapisho ya kitaalamu miaka ya 1980 kama mfano wa ranchi inayoishi kwa dawa ya kinga, Samorin, mwaka baada ya mwaka, katikati ya mbung'o. Baadaye wakaongeza dawa ya kuwamwagia ng'ombe mgongoni ili mbung'o anayetua afe. Ilisaidia. Lakini vimelea vilianza kuizoea dawa ya sindano, na vichaka vya migunga vikavamia malisho. Watafiti waliokuja baadaye walikuta Acacia zanzibarica imetawala sehemu ambazo ng'ombe walilishwa. Mwaka 2000 ranchi ilifungwa, ardhi ikaingia kwenye hifadhi, na Saadani ikatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Yaani twiga wa kwenye andiko la rafiki yangu wanakula pale ambapo kampuni yenye fedha, madaktari wa mifugo na karibu nusu karne ya uzoefu ilishindwa na nzi.

Na hao walikuwa ng'ombe. Farasi ni dhaifu zaidi. Kimelea cha nagana, tripanosoma, kinaogelea kwenye damu kikiwa kimevaa koti la protini. Mwili ukishalitambua koti na kutengeneza kinga, vimelea wachache wanakuwa tayari wamevaa koti jingine, na mchezo unaanza upya. Ndiyo sababu mpaka leo hakuna chanjo. Ng'ombe anaweza kukaa nayo miezi akikonda. Kwa farasi ugonjwa huja kwa kasi: homa, kuvimba miguu na tumbo, kulegea kiuno, na aina moja ya vimelea huingia hadi kwenye ubongo. Baadhi ya dawa tunazowachoma ng'ombe wetu bila wasiwasi, mwili wa farasi hauzivumilii vizuri. Mwaka 1916 jeshi la Jenerali Smuts liliteremka kando ya Mto Pangani kuelekea Handeni likiwafukuza Wajerumani, na wapanda farasi wa Afrika Kusini wakiwa sehemu ya nguvu yake. Katika vita vile farasi na nyumbu waliokufa kwa magonjwa ni maelfu kwa maelfu. Ukiambiwa kwamba nchi yetu haikuzoea farasi kwa sababu ya utamaduni, muulize aliyekuambia kama amewahi kuumwa na mbung'o.

Kuna na la pili, dogo zaidi kwa umbo. Visubi, wale wadudu wa jioni ambao humwoni ila unajikuna, hueneza virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika. Aina za virusi hivyo ni 9, na kwa farasi asiye na kinga vifo vinaweza kufika asilimia 90. Aina ya mapafu humuua mnyama aliyekuwa anakula vizuri jana. Pundamilia hubeba virusi hivyohivyo bila hata kupiga chafya. Mwaka 1987 pundamilia walioletwa kutoka Namibia hadi bustani ya wanyama karibu na Madrid waliingiza ugonjwa Hispania. Mwaka 2020 Thailand ilipoteza farasi zaidi ya 500, na pundamilia walioingizwa kutoka nje ndio walioshukiwa. Sasa rudi kwenye tangazo: "panda farasi katikati ya pundamilia". Kwa mpandaji ni picha nzuri. Kwa farasi ni kupitishwa kwenye wodi. Chanjo ipo, na wafugaji wa Laikipia na Mara wanajua ratiba yake. Huko juu, zaidi ya mita 1,500, usiku ni wa baridi na mashamba mengi yako mbali na vichaka vya mbung'o. Hawako salama kabisa, wanamudu tu. Saadani iko usawa wa bahari, joto mwaka mzima, vichaka mpaka ufukweni.

Hapa rafiki yangu alinikatisha. "Lakini pundamilia si ndugu wa farasi? Mbona yeye anaishi?" Swali zuri, na jibu lake ni moja ya kazi ninazozipenda kuliko zote. Mwaka 2019 Tim Caro, ambaye amefanya kazi sana Katavi kwetu, alichapisha na wenzake jaribio la kwenye zizi moja huko Somerset, Uingereza, lenye farasi na pundamilia pamoja. Walihesabu inzi wakubwa wang'atao. Inzi waliwazunguka pundamilia sawa na walivyowazunguka farasi, ila waliotua juu ya pundamilia walikuwa kama robo tu. Wakaja kwa kasi, wakapita, wengine wakamgonga na kudunda. Watafiti wakawavisha farasi makoti: jeusi, jeupe, la mistari. Lenye mistari likatuliwa na inzi wachache sana, ila kwenye kichwa, ambacho hakikufunikwa, idadi ilibaki sawa. Mistari inamvuruga inzi macho dakika ya mwisho. Hao si mbung'o, ni jamii nyingine, lakini tukipima damu iliyomo tumboni mwa mbung'o wa porini tunaikuta damu ya pundamilia kwa nadra mno.

"Basi tuwavishe mistari," akasema. Tulicheka sana. Picha ya mtalii aliyelipa dola ili awe sehemu ya kundi, akiwa amekalia farasi aliyevaa kanzu ya pundamilia, naye mwenyewe amevaa jinzi. (Jinzi ya bluu! Mitego ya mbung'o tunaishona kwa kitambaa cha bluu na cheusi kwa sababu ndizo rangi wanazozifuata.)

Mbung'o anaweza kuondolewa? Anaweza, na waliothibitisha walikuwa hapahapa. Kati ya 1994 na 1997 kituo cha utafiti wa mbung'o cha Tanga kilizalisha mamilioni ya mbung'o madume waliofanywa tasa kwa mionzi, wakamwagwa Unguja kutoka kwenye ndege ndogo, wiki baada ya wiki. Mbung'o jike anapandwa mara moja au chache tu maishani. Akipandwa na tasa, basi. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa huru. Leo kaskazini ya kisiwa kile watalii wanapanda farasi ufukweni. Sisemi ni kwa sababu ya nzi wa Tanga peke yao. Masultani walikuwa na farasi mjini zamani. Ila Unguja ni kisiwa. Saadani imeungana na Handeni, na ukisafisha hapa wataingia kutoka pale.

Na tuseme tungeweza. Tusafishe mbung'o hifadhini kwa ajili ya farasi sita? Mbung'o ndiye aliyeilinda ardhi ile isijae ng'ombe, kabla ya askari yeyote wa wanyamapori. Hili si la kubeza kwa mkoa wetu. Mkomazi, ambayo sehemu yake iko Tanga, wafugaji waliondolewa mwaka 1988 pamoja na ng'ombe wao, walikwenda mahakamani mpaka Mahakama ya Rufani, na hawakurudi. Farasi ni mfugo. Hali majani tofauti, hanywi maji tofauti, na kupe wake ni kupe. Andiko linamwita "njia rafiki kwa mazingira" ukurasa wa tatu. Mimi ningependa kuwepo siku hiyo ukurasa ukisomwa kwa sauti kijijini, mbele ya mzee ambaye ndama wake alikamatwa kwa kuvuka mpaka.

Nilimwandikia rafiki yangu haya yote, kwa urefu kuliko hapa, na kwa adabu zaidi. Nikamwambia aende Kilimanjaro akapande mwenyewe, maana kitu chenyewe ni kizuri na sitaki mtu adhani nimekikana. Ningerudi kesho kama ningekuwa na hela. Nikamwambia Saadani kuna kutembea kwa miguu na askari, kuna mashua Mto Wami, na kwamba akiba ya miaka minne ni mingi kuliwa na mdudu wa sentimita moja.

Alikaa siku mbili kimya. Halafu ukaja ujumbe mmoja: "Na punda je?"

Nimeanza kusoma. Ule ugonjwa wa visubi, punda kwa kawaida anaupata na kuupita bila hata kuonyesha. Nagana anaumwa, ila si kwa kasi ya farasi. Pangani wapo, wanabeba nazi.

Twiga atamwonaje mtu aliye juu ya punda, hilo sijaona aliyelipima.